Hatimiliki na Hakimiliki

Mwalimu mmoja wa Kiswahili anayefundisha Didia, katika Wilaya ya Shinyanga, ametuletea swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo. Anasema kwamba wanafunzi wake walikuta katika kitabu kimoja, nyuma ya ukurasa wa jina, neno hatimiliki, likifuatiwa na jina la mchapishaji na mwaka. Mwanafunzi mmoja, ambaye baba yake amepata karatasi ya shamba kutoka ofisi ya kijiji, akauliza mchapishaji huyo ana shamba gani. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, kwani alipoiomba karatasi ya yule mzazi na kuitazama, aliona imeandikwa Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Basi kitabu kimeandikwa neno la shamba, na shamba limeandikwa neno la kitabu. Mwalimu anataka kujua ni nani aliyekosea.

Swali hili tumeona halifai kujibiwa kwa barua peke yake, madhali linawahusu wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali kwa pamoja. Wako watakaosema kuwa ni jambo la herufi moja tu, t au k, na kwamba muktadha humwongoza msomaji. Hatukubaliani nao. Didia iko ukingoni mwa ukanda wa dhahabu. Ukitoka hapo kwenda Mwakitolyo, kisha Kahama na Geita, ni nadra kukuta mtu mzima asiyejua kisa cha mkulima aliyetoa karatasi yake mbele ya wageni waliokuja na karatasi nyingine. Mahali kama hapo, mtu anayedhani karatasi yake yasema lile isilosema hupata hasara, na muktadha haumrudishii kitu. Tena, tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, maneno ambayo zamani yalikuwa ya vipeperushi na mikutano ya hadhara yanaingia katika sheria zenyewe. Hakimu atayasoma kama yalivyo.

Tuanze na asili. Maneno yote mawili ni maneno ambatani, na kila kiungo chake kimetoka katika Kiarabu. Hati ni neno lililomaanisha mstari, na kwa hiyo mwandiko wa mkono. Maana hiyo ya kale ingalipo pale tunaposema kuwa fulani ana hati nzuri, na pale tunapouita mwandiko wa kufupisha wa makarani hatimkato. Baadaye maana ilihama kutoka mwandiko hadi kile kilichoandikwa, ndiyo sababu leo tuna hati ya kiapo, hati ya mashtaka, hatifungani, na ile hati safi ambayo kila halmashauri huitamani kwa Mkaguzi Mkuu. Haki ni neno jingine kabisa, lenye maana ya kilicho kweli na kinachompasa mtu. Katika Kiarabu maneno hayo mawili hayaanzi kwa sauti moja: la kwanza huanza kwa kh, la pili kwa h nzito itokayo kooni. Kiswahili sanifu kimezifanya sauti hizo kuwa h moja, na hivyo kuyasogeza karibu maneno ambayo kwa asili hayakuwa jirani. Undugu wa hatimiliki na hakimiliki, basi, hauko mwanzoni mwa maneno, ambako ndiko sikio linakoudhania. Uko mwishoni, katika miliki.

Miliki ni neno la ukoo mkubwa: milki, mmiliki, umiliki, mamlaka, malkia. (Mali halimo katika ukoo huu, ingawa wengi hudhani limo, lina shina lake lenyewe.) Kamusi za zamani, mathalani ile ya Johnson ya mwaka 1939, hukipa kitenzi hiki maana mbili kwa pamoja, yaani kuwa na kitu na kukitawala. Maana hiyo ya pili haijafa. Asemaye kwamba anamiliki kitu hasemi tu kwamba kiko kwake, bali pia kwamba hapana aliye juu yake katika jambo la kitu hicho. Tunaomba msomaji aukumbuke uzito huo, kwa sababu tutaurudia tutakapofika shambani.

Namna rahisi ya kuona tofauti ya hati na haki ni kutazama vitenzi ambavyo kila moja hukubali. Hati huandikwa, hutiwa sahihi, hupigwa muhuri, huchanika, hulowa mvua, huliwa na mchwa, hughushiwa, na ikipotea hutolewa nakala. Haki haifanyiwi hata moja kati ya hayo. Haki hupatikana, hurithiwa, huhamishwa, hudaiwa, hukiukwa na hukoma. Mtu akijaribu kusema kwamba haki yake imeliwa na mchwa, wasikilizaji watacheka au watadhani anatunga shairi. Kuna kitenzi kimoja tu kinachotatiza, nacho ni kuweka rehani: watu husema wameweka hati benki. Lakini hata hapo kilichowekwa rehani ni haki, na hati imehifadhiwa tu na benki ili haki isiuzwe kwa siri. Benki isiyojua hivyo ingeridhika na karatasi hata kama shamba limekwisha kuuzwa.

Tukichukua kipimo hicho tukakipeleka kwenye kitabu cha mwanafunzi wa Didia, jibu halichelewi. Anachokitangaza mchapishaji nyuma ya ukurasa wa jina ni haki ya kunakili, kutoa na kuuza kazi ile, na kuwazuia wengine wasifanye hivyo pasipo idhini. Hiyo ni haki, na sheria yetu imeiita hivyo: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999. Zaidi ya hayo, haki hiyo haina hati. Chini ya Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Mtunzi hahitaji kuomba, wala kusajili, wala kupewa cheti ndipo awe nayo. Akiandikisha kazi yake katika Ofisi ya Hakimiliki anajipatia ushahidi mzuri wa siku ya kesi, lakini asipoandikisha haki haipungui. Kwa hiyo mchapishaji anayeandika hatimiliki anatangaza karatasi isiyokuwepo, na kuacha kuitaja haki iliyopo.

Tunajua matumizi hayo yana wenyewe. Yamo katika vitabu vingi, na siku hizi yamo katika tafsiri za programu za kompyuta na katika maandiko ya mtandaoni, ambako mtu huonywa asikiuke hatimiliki. Wanaoyatetea hutuambia kwamba yameshazoeleka na kwamba lugha ni ya watu. Ni kweli kuwa lugha ni ya watu. Lakini watu hao hao, kwa idadi kubwa zaidi, wanaliita karatasi ya kiwanja au shamba hatimiliki, na hapo neno limekaa mahali pake. Haliwezi kuwatumikia mabwana wawili hali bwana mmoja ana neno lake tayari. Kwa mintarafu ya vitabu, hatuoni kwamba kuna mjadala. Ni kosa, nalo lirekebishwe kila kitabu kinapochapwa upya.

Shambani mambo si mepesi hivyo.

Mwaka 1923 utawala wa Waingereza ulitunga sheria iliyoiweka ardhi ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana, na mtu binafsi akapewa haki ya kuikalia na kuitumia tu. Waliotunga sheria hiyo walichagua neno lao kwa makusudi. Walikuwa na neno la kumiliki katika lugha yao na hawakulitumia. Mwaka 1928 sheria ikarekebishwa ili wenyeji wanaokaa kwa mila na desturi nao wahesabiwe kuwa na haki ya namna hiyo. Baada ya Uhuru, mashamba machache yaliyokuwa yakimilikiwa moja kwa moja tangu enzi za Wajerumani yalibadilishwa mwaka 1963 kuwa ya kupangishwa na Serikali, na mwaka 1969 upangishaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ile ile ya kukaa na kutumia. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 4 na Na. 5 za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001, hazikuubadilisha msingi huo: ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Katika ardhi ya kawaida haki hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Katika ardhi ya kijiji mwanakijiji aweza kupewa haki ya kimila isiyo na ukomo.

Kwa muda wote huo, zaidi ya miaka 100 sasa, lugha ya sheria imekuwa ikisema kukalia, na Kiswahili cha ofisini kimekuwa kikisema kumiliki. Tumepata hati ya kumiliki ardhi, hatimiliki, hati ya hakimiliki ya kimila. Kila moja ya majina hayo inamwahidi mkulima zaidi ya kile alichopewa. Hatudhani kulikuwa na hila. Yamkini makarani wa kwanza walitafuta neno la heshima, na miliki lilikuwa na heshima tele. Lakini heshima si tafsiri. Nchini Kenya, ambako Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu raia kuwa na ardhi kwa umiliki kamili usio na muda, hatimiliki ni jina linalolingana vizuri zaidi na kilichomo katika karatasi. Mfasiri wetu anayechota istilahi za ardhi katika magazeti ya Nairobi ajue kwamba neno ni lile lile na mzigo ni mwingine.

Hata hivyo tusiruke kutoka kosa moja hadi lingine. Wapo watumishi ambao, baada ya kuelewa kwamba miliki limezidi kipimo, huwaambia wanavijiji kwamba hawana chochote mpaka wapate hati. Hilo ni baya zaidi, kwa kuwa linaifanya karatasi kuwa chanzo cha haki. Katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, lililoamuliwa mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba haki ya kimila ya kukaa katika ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Katika shauri hilo haki iliyotetewa ilikuwa ya mila, na haikuhitaji karatasi ndipo iwe mali. Kama ingekuwa hati ndiyo haki, Mahakama isingekuwa na la kulinda.

Tulipofika Didia kuzungumza na yule mwalimu, mzee mmoja alituuliza jambo hili kwa maneno machache kuliko yetu. Alikuwa ameifunga karatasi yake katika mfuko wa plastiki, akaushika mkononi.

"Wanangu, hii ikiungua, na shamba limeungua?"

"Hapana, mzee wetu. Utakwenda kijijini, masjala wanalo daftari, utapewa nyingine."

"Na chini yake wakikuta dhahabu, hii itanisemea?"

Tulimwambia ukweli, kwamba itamsemea juu ya mazao na nyumba, lakini juu ya dhahabu haina neno. Sheria ya Ardhi yenyewe, inapoeleza ardhi ni nini, inataja uso wa nchi na vilivyo chini yake, kisha inayatoa madini na mafuta. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inasema kwamba madini yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na tangu marekebisho ya mwaka 2017 imeongezwa kwamba Rais ameyashika kwa amana kwa niaba ya wananchi. Anayetaka kuyachimba huomba leseni. Ile ya mchimbaji mdogo hutolewa kwa Watanzania, kwa miaka 7, na huweza kuhuishwa. Mwenye leseni naye haruhusiwi kuingia tu katika shamba lililolimwa au karibu na nyumba za watu. Sheria inamtaka apate kwanza ridhaa ya anayekaa hapo, na fidia ina utaratibu wake. Basi mzee ana la kusema, tena si dogo. Ila karatasi iliyoandikwa miliki imemfanya atazamie jingine, na hapo ndipo ugomvi huanzia.

Ajabu ni kwamba machimboni kwenyewe, ambako hakuna kamati ya istilahi, watu wamelitatua jambo hili kwa neno dogo kuliko yote. Ukifika penye uchimbaji mdogo, iwe Mwakitolyo au upande wa Geita, utasikia wakitajwa watu watatu juu ya kipande kimoja cha nchi: mwenye shamba, mwenye leseni, na mwenye duara. Mwenye shamba ndiye aliyekuwa akilima pale. Mwenye leseni ndiye aliyepewa kibali na Serikali. Mwenye duara ndiye aliyegharimia shimo, magogo ya kuzuia udongo, kamba na chakula cha vijana wanaoshuka. Mifuko ya mawe inapotoka, hugawanywa baina yao kwa mafungu waliyopatana. Hatusemi kwamba mgawanyo huo huwa wa haki siku zote. Twasema kwamba majina yake ni safi. Hapana anayemiliki. Kila mmoja ni mwenye kitu chake, na kitu chenyewe kimetajwa, hata mgeni aliyefika jana ataelewa ni nani anadai nini. Afisa anayekuja na neno mmiliki katika mkutano wa namna hiyo hupata maswali matatu mfululizo: mmiliki wa nini?

Kwa hiyo jibu letu kwa mwalimu ni kwamba aliyekosea ni mwenye kitabu. Karatasi ya shamba haikukosea katika muundo. Kusema kweli, Hati ya Hakimiliki ya Kimila ndilo jina lililojengwa vizuri kuliko majina yote tuliyoyataja hapa, kwa sababu linatenganisha karatasi na kile karatasi inachokishuhudia: iko hati, na iko haki ambayo hati ni yake. Neno hatimiliki lenyewe limeiruka haki, limeunganisha karatasi na umiliki moja kwa moja, na pengine ndiyo maana watu huiogopea karatasi kuliko shamba. Dosari ya jina la karatasi ya kijiji ni mbili tu. Ya kwanza ni kwamba hakimiliki limekwisha kuchukuliwa na watunzi, wanamuziki na wachapishaji, tena kwa sheria. Ya pili ni ule uzito wa miliki.

Dosari ya kwanza huondoka kwa kuandika kwa kirefu. Tunaonelea hakimiliki, neno moja lisilo na nafasi katikati, liachwe kwa kazi za sanaa na maandishi, kama vile hataza lilivyoachwa kwa uvumbuzi. Katika ardhi iandikwe haki ya, kisha kitendo.

Kitendo gani? Hapa tumebishana, na hatujamaliza. Kukalia ndilo lililo karibu zaidi na sheria, lakini lina harufu ya nguvu: jeshi hukalia mji, na mtoto asiye na adabu hukalia kiti cha mgeni. Kushika lilipendekezwa na mwenzetu mmoja, likaonekana zuri hadi tulipojaribu kutengeneza nomino. Ushikaji na mshikaji yamekwisha kutekwa na vijana wa mjini kwa maana ya urafiki, na hatuoni mahakama ikimwita mdai mshikaji wa ardhi bila watu kutabasamu. Kutumia peke yake hakutoshi, kwa kuwa hata mpangaji wa msimu mmoja wa mpunga hutumia. Usukumani wenyewe, majina ya zamani ya ardhi hutaja ardhi inafanyiwa nini au ilikuwa ya nini: itongo ni mahali palipokuwa na kaya zamani, ngitili ni malisho yaliyofungwa ili nyasi ziote na mifugo ipate kula kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili nyingi pasipo kubadili jina hilo. Majina haya hayazungumzii kutawala. Yametuelekeza kwenye haki ya kukaa na kutumia ardhi, ambayo ni ndefu, na karani atainung'unikia, lakini hatujapata fupi isiyodanganya.

Hatatarajiwa mtu yeyote kukusanya karatasi zilizokwisha kutolewa ili zichapwe upya kwa ajili ya neno. Hatimiliki, kwa maana ya karatasi ya ardhi, limeota mizizi na litabaki katika mazungumzo na katika magazeti. Mahali pa kuwa mkali ni katika kifungu cha tafsiri cha sheria na kanuni. Mfasiri akilazimika kuliacha hatimiliki, aeleze hapo kwamba ni hati inayothibitisha haki ya kukaa na kutumia ardhi, na kwamba madini hayamo. Katika vipeperushi vya vijijini maelezo hayo hayo yatangulie mbele, kwa herufi kubwa kama zile za jina la mfadhili.

Mwalimu aliuliza pia juu ya wingi na uandishi. Maneno yote mawili yako katika ngeli ya i-zi na hayabadiliki: hatimiliki hii, hatimiliki hizi, hakimiliki yake, hakimiliki zao. Mahatimiliki, tuliyoyaona katika tangazo moja, si sahihi. Wanaotenganisha, hati miliki, hawajavunja sheria kubwa, ila wachague namna moja na kuifuata katika waraka mzima.